Jembe la Tusajigwe

Jembe la Tusajigwe nimelitundika ukutani
tangu mwezi wa nne, mvua ikiwa bado inaipiga Isongole,
na viazi havijui kusubiri.
Ninapalilia mimi. Matuta yangu na yake.
Wapita njia wananisalimu kwa kukohoa:
"Shemeji, umelishwa nini?"

Nimelishwa maneno ya nesi Lugano,
aliyeitazama karatasi ya damu iliyotoka Mbeya
akasema, "Mkeo ni mgeni kwa kidudu hiki.
Hakijawahi kubisha hodi mwilini mwake.
Kikija sasa, yeye kitampitia kama mafua,
au asijue kabisa kama kimepita,
kisha kiende kwa yule asiye na mlango wa kufunga."

Kidogo kuliko vumbi la ulezi.
Udongoni, paka alipofukia.
Kwenye chainizi iliyosuuzwa mara moja tu.
Kwenye mshikaki wenye damu katikati.

Nikamkumbuka Gwakisa wa dada yangu,
miaka sita, anayegeuza uso kuifuata sauti yangu
akanitafuta pale nilipokuwa nimesimama kabla.
Hakuna aliyetuambia kwa hakika.
Walisema macho. Walisema labda tangu tumboni.
Mama alisema ni jicho la jirani,
tukahamisha ua.

Shangazi akaja na gunia:
"Mtie paka humu, ukamtupe Kiwira."
Askari, mlinzi wetu wa mahindi ya darini,
alikuwa amelala juu ya kiatu changu.
Nikarudi kwa nesi. Akacheka.
"Na panya utawakamata wewe?
Mwache. Mavi yake uyazoe wewe, kila siku, kabla hayajalala.
Mpe dagaa wa kuchemsha, si utumbo mbichi.
Na mkeo anawe. Na wewe unawe."

Basi kila asubuhi, ukungu ukiwa umeukalia mlima Rungwe,
mimi, mwanamume mwenye ndevu,
nachutama na koleo nyuma ya jiko
na paka ananitazama kama bosi.
Mboga naziosha mpaka maji yachoke.
Nyama naichemsha hadi Tusajigwe ananuna,
"Hii sasa ni kamba."
Kula kamba, mke wangu.

Usiku anaushika mkono wangu,
anaunusa kwanza.
Sabuni.
Ndipo anauweka
pale panapopiga teke.