Mashimo Manne kwenye Zulia

Jua lilituaga Vadsø mwishoni mwa Novemba,
kama kila mwaka, bila kelele,
nasi tukawasha taa saa sita mchana.
Kwa hiyo sikuona.
Nani angeona? Kila mtu alikuwa akipapasa:
mimi na swichi, jirani Eilert na ufunguo wa gari,
na paka wangu Stempu, nilidhani,
naye anapapasa tu kama raia wengine.

Stempu: mweupe, mraba mweusi begani,
juu kabisa, kulia, pale stempu inapokaa.
Åshild ndiye aliyempa jina.
Alisema paka huyu ameshalipiwa,
hatumrudishi kwa aliyemtuma.

Kisha siku moja akarukia kiti ambacho hakipo.

Alipima kwa kichwa, akatikisa kiuno,
jinsi walivyo, akajirusha,
na hewa ikamwacha.
Aliangukia ubavu. Hakulia.
Alilamba mguu, kana kwamba ndivyo alivyokusudia.

Kiti kilikuwa cha Åshild.
Nilikipeleka bandani mwezi wa Oktoba,
baada ya mwaka na miezi miwili ya kukizunguka.

Nilimwinua chini ya taa ya jikoni.
Mboni zilikuwa wazi pote,
nyeusi, pana kama vifungo vya koti,
na taa haikuzibana hata kidogo.
Alinitazama. Yaani, alitazama
upana wa kiganja kushoto kwangu,
kwa adabu, kama anayemsikiliza mtu
aliyesimama nyuma yangu.

Wanasema macho hayana pazia.
Ya Stempu yalikuwa nalo, tena limeshashushwa.

Kirkenes ni mwendo wa saa mbili na nusu,
theluji ikikijia kioo kama barua zisizo na anwani.
Daktari Gunnvor Pleym alimfunga mkiani
mkanda mwembamba, kama wa kumpima presha mwanasesere.
Mia mbili na arobaini.
Presha, alisema, kama ya binadamu;
retina zimebanduka zote mbili,
kama karatasi ya ukutani chumba kikilowa.
Nikauliza kama hubandikwa tena.
Akaitazama mikono yangu. Labda kidogo, akasema. Labda hapana.
Robo ya kidonge, kila jioni, maisha yake yote.
Na usihamishe fanicha.

Turid akapiga simu kutoka Bergen:
Baba, si afadhali apumzishwe?
Nikamwambia miaka thelathini na moja nimepeleka barua gizani,
nikizijua ngazi za watu kwa nyayo,
ya saba kwa Mikkelsen imelegea,
kwa Hætta mbwa hulala mlangoni,
na hakuna aliyesema nipumzishwe.
Akacheka, kisha akanyamaza,
kisha akauliza kama ninakula.

Usiku ule nilikwenda bandani na tochi.
Zulia halikuwa limesahau:
mashimo manne, yenye vumbi kidogo.
Niliiteremsha humo miguu ya kiti mmoja mmoja
kama mtu anayerudisha jino.
Stempu alikuja akiufuata ukuta kwa sharubu.
Akanusa mguu wa kwanza. Wa pili.
Akapanda polepole, si kwa kuruka, kwa kucha,
akikwaruza kitambaa ambacho zamani
tungegombezwa wote wawili.

Katikati ya Januari jua likachungulia, dakika chache tu.
Watoto wa shule walipewa maandazi
wakatoka nje kulipigia kelele.
Mwale uliingia dirishani, ukavuka meza,
ukafika kitini.
Stempu akageuza uso moja kwa moja,
si kushoto, si nyuma ya mtu,
akalipokea katikati ya paji.
Mboni zilibana? Nilipiga magoti niangalie.
Sijui. Nilitaka mno, siwezi kuwa shahidi.

Nilichokiona, kwa kuwa nilikuwa tayari chini
na mwanga upo,
ni vidonge, robo robo,
vitano, sita, vimetemwa kwa ustadi
nyuma ya mguu wa kiti.