Gololi kwenye Mbili

Saa nane usiku mashine inalia, pii, pii,
taa ya njano, na mama amekaa wima kitandani,
mikono magotini, kama anayesubiri jina lake liitwe.

Naanza na chujio. Juzi wadudu wa ziwa walipanda
kutoka upande wa Saanane kama moshi,
wakaingia hadi kwenye sukari.
Nalichomoa: sponji nzima ni mbawa.
Nalifua kwa sabuni, nalikamua ndani ya taulo.
Likiwa bichi halirudishwi, fundi Lugembe alinionya.
Naweka lile la akiba.

Bado inalia.

Naupapasa mpira kutoka puani mwake hadi mashineni,
haujajikunja, mguu wa kitanda haujaukanyaga.
Kikombe cha maji: kifuniko kimekaa upande.
Nakifungua, nakikaza upya,
nachovya ncha ya mpira kwenye glasi.
Mapovu, madogo madogo,
kama uji unaotaka kuchemka.

Kimya.

Ndipo naiona gololi. Iko kwenye moja.
Daktari alisema mbili.

"Nani kaigusa hii?"

Mama anaitazama mita ya Luku.
Miaka thelathini alibanika mapanki Mwaloni,
moshi ukinilipia ada ya sekondari,
na leo anabana pumzi
aniwekee uniti.

Naizungusha swichi taratibu
mpaka gololi ikae katikati ya mstari.
"Vuta, mama."

Anavuta. Kucha zake zinaacha ubluu kidogo kidogo.
Halafu, kwa sauti ileile ya kupatana bei:
"Zimebaki ngapi?"

"Nyingi," nasema,
nimesimama mbele ya mita.