Safu ya Pembeni

Ruwi, mtaa wa Honda, mwezi wa nane.
Simu ya dereva wa boza la maji
ilikaa juu ya dashibodi tangu alfajiri,
ikanifikia moto kama mkate wa mofa.
Inawaka, inaonyesha nembo, inazima.
Inawaka, nembo, inazima:
mtu aliyeitwa usingizini,
akaitika labeka, akalala tena.

Muhenna bin Sabeti, aliandika kwenye daftari.
Kiarabu chake kifupi, kimepigwa pasi:
namba za wateja zimo humo, itengeneze.
Hakukaa. Boza lilikuwa linavuja barabarani.

Fundi mwenye haraka huanza na kufuta.
Hupakia mfumo mpya, dakika kumi na mbili,
hupokea riali zake, haya, anayefuata.
Mimi kwanza huiuliza simu ilikuwa ikiwaza nini.
Natia waya, nabana vitufe viwili pamoja,
kioo kinabaki cheusi
lakini kompyuta inasema: yumo.
Basi nachota. Kila kilichokuwa kichwani mwake
dakika ile ilipoanguka, gigabaiti nne,
kunyonya birika kwa mrija wa soda.

Sifuri hadi tisa, A hadi F,
mistari kwa mistari, uji usio chumvi.
Pembeni ipo safu nyembamba
ambamo mashine hujaribu kusoma inachokiona.
Kiarabu hakisomeki pale. Kila herufi hukalia nafasi mbili,
huvunjika, hugeuka nukta na vishale.
Lugha yote ya kaunta, kifusi.
Nilikuwa natafuta kosa, naapa, kosa tu,
nikakuta katikati ya kifusi maneno mazima:

dada nimechelewa foleni bidbid

geti la kijani tangi juu mbuzi wanaziba njia

usiwaambie watoto kama nililia

muhogo ule wa nazi umebaki

Nikaondoa mkono kwenye kipanya.

Bibi yangu alizaliwa Wete.
Shuleni nilichekwa kwa ain yangu nyepesi
mpaka nikajua kunyamaza kwa lugha mbili.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo:
simu imejaa hadi shingoni,
sasisho likakatika njiani.
Nikaokoa namba, nikaokoa picha,
nikafuta, nikapakia, mstari wa kijani ukatambaa,
na simu ilipoamka, haimjui mtu,
ikauliza: chagua lugha.

Alirudi alasiri, kanzu imemganda mgongoni.
Akateremsha kidole, lugha zikapita,
kwenye K kidole kikasita.
Akatazama nyuma. Hakuna mtu, feni tu.
Akaendelea mpaka akakiona Kiarabu, akakigusa.

Riali nane, nikamwambia, kwa Kiarabu.
Akatoa noti mojamoja, midomo ikicheza,
na hesabu, mnajua, haina adabu,
hutoka kwa lugha iliyoijia kwanza:
moja, mbili, tatu, nne, tano, sita,
nje mtu akalipigia boza honi ndefu
sita, akasema tena, sita...
Saba, nikasema, macho yangu ndani ya droo.

Hakuinua kichwa.
Nane, akasema,
akailaza noti ya mwisho juu ya kioo
akainyoosha kona kwa kidole gumba.

Lile faili nilikuwa nimelifuta kabla ya adhuhuri.
Muhogo, sijui mpaka leo kama ulibaki.