Sabuni Ikianguka

Bafu letu halina dirisha.
Waliojenga jengo hili la Bydgoszcz, ghorofa ya nne,
waliona dirisha ni anasa kwa mtu aliye uchi.
Wakatuachia tundu moja karibu na dari,
upana wake kisahani cha chai.
Miaka thelathini na sita tumepumulia hapo.

Mvuke hupanda, hutafuta njia, hukosa,
hurudi kulia kwenye vigae.
Ukungu mweusi ulianzia kona ya juu ya beseni,
kwanza doa, kama wino uliodondoka,
sasa ni ramani ya nchi nisiyoujua mji wake mkuu.
Nimeusugua kwa siki, nimeusugua kwa klorini.
Lucjan husema:
"Siku hizi huo unaushika kuliko unavyonishika mimi."

Jumamosi nikaenda dukani.
Kijana wa zamu, Kajetan, jina limeshonwa kifuani,
alinipangia feni tano mezani, nyeupe,
kama daktari anayenichagulia meno.
Akauliza bafu lina ukubwa gani.
Nikamwambia: mmoja akiingia, mwingine husubiri nje.
Akauliza maji tunapasha na nini.
Kama ni gesi, na mtambo uko humo humo, sikuuzii;
feni itauvuta moshi urudi ndani, mlale msiamke.
Nikasema mtambo uling'olewa mwaka juzi.
Akashusha pumzi.

Hii, akasema, hujiwasha yenyewe unyevu ukizidi.
Hii ina saa: ukishatoka, huendelea dakika ishirini.
Hii ina kijilango, baridi ya Januari isirudi kinyumenyume.
Na hii —
akaiwasha ile kubwa.
Risiti iliyokuwa mezani iliruka ikaganda kwenye meno yake.
"Hii itakausha bafu kabla hujamaliza kujifuta."
Ilinguruma kama kinu cha unga.

Nikamwuliza, hiyo ikiwaka,
mtu aliye jikoni atasikia sabuni ikianguka?

Akanitazama. Sabuni, mama?

Sabuni, nikasema.
Au kitu kizito zaidi.

Sikumsimulia Februari:
Lucjan chini, kati ya beseni na choo,
mguu wa kushoto umemkana,
maji yakimiminika,
nami jikoni nakata vitunguu, redio juu,
nikidhani anaoga.

Kajetan hakuuliza tena.
Aliisukuma kando ile kubwa,
akachukua ndogo, ghali kuliko zote, desibeli ishirini na tano,
akaiwasha, akarudi nyuma hatua sita hadi kwenye rafu za taa,
akadondosha kalamu yake sakafuni.
Tukasikiliza, yeye na mimi,
na mteja mmoja aliyeshika ndoo ya rangi.

Fundi ameifunga jana.
Ukungu haujaondoka; feni haina mikono, nitausugua mwenyewe.
Ila kioo sasa hunionyesha uso kabla sijakifuta,
jambo ambalo sikuliomba.

Lucjan ananung'unika: umeibiwa, haisikiki, haifanyi kazi.
Leo asubuhi nilimkuta juu ya kigoda, mtu yule wa kuambiwa asipande,
anashikiza kipande cha karatasi ya choo kwenye matundu yake.
Aliachia.
Karatasi ikabaki pale pale, imenyonywa.
Akashuka polepole, bila neno.

Niko jikoni. Redio nimeizima.
Nasikia maji.
Nasikia anakohoa, anageuka.
Nasikia sabuni ikianguka,
na yeye akiitukana.