Chipula

Magunia mawili ya vitunguu, visu vinne,
na usiku mzima uani, Kisauni;
arusi ya bintiye mwenye nyumba kesho adhuhuri.
Uzuri wa vitunguu: hakuna akuulizaye unalilia nini.

"Chisu," akasema Nuriya, mkono kaunyoosha.
Watoto wakaangua kicheko. Chisu! Chisu!
Hakukasirika. Barawa, akasema, ndilo jina lake,
na ndivyo mama alivyokiita akikifunga kwenye kanga
mwaka ule wa tisini na moja,
chungu wakakiacha mekoni, moto haujazimwa.
"Miaka thelathini na ushei. Bado huwaza
kama mchuzi ule uliungua."

Nzigire wa Bukavu hakuleta kisu wala chungu.
Alileta utepe wa kupimia nguo, shingoni,
askari wa mpakani wakadhani ni urembo.
Sasa anapima mabega ya mtaa mzima.
"Nyie wa Mombasa bega la kushoto limelala.
Sijui huwa mnabeba nini."
Tukacheka, kila mtu akajishika bega.

Mimi nilikuwa mwenyeji. Namimina chai,
pole, pole sana, kama mwenye duka la pole,
mpaka Amisina, aliyekuwa kimya, akanigeukia:
"Na wewe, kwenu?"
Hapa hapa, nikasema. Kengeleni.
"Na kabla ya kengele?"

Kabla ya kengele kuna mtoto aliyeteremshwa melini
na jina alilopewa na watu wa meli.
Kijiji, hatujui. Ukoo, hatujui.
Hata kitendawili kimoja cha huko hatuna.
Nikanyoosha mkono, nisionekane nimekwama:
"Hebu nipe hicho chipula."

Amisina akaacha kumenya.
"Umesema nini?"

Chipula. Kisu kidogo. Neno la bibi tu,
nilidhani alilibuni mwenyewe,
kama alivyowabunia kuku wake majina.

"Si la bibi yako peke yake.
Kwetu, juu ya Lichinga, mtoto anayetambaa
akisikia chipula, anajua anakatazwa."

Hakunikumbatia. Alinipa kisu,
mpini ukinielekea mimi.
Gunia la pili lilikuwa halijafunguliwa.
Nikakata, nikakata,
na kweli, hakuna aliyeniuliza.