Mstari wa Kumi na Nne

Fomu ilikuja na kurasa sita, tukaifasiri
kwa kamusi ya Semhando isiyo na jalada.
Mstari wa kumi na nne ukatukwamisha:
"Barafu ya kiwanja chenu ina unene gani?"
Tukatazamana. Nje lami ilikuwa inalainika.
Semhando, katibu wetu, akavua miwani, akaandika:
"Barafu ipo. Ya kiwandani. Huuzwa kwa kipande."

Wakajibu, Mungu awaweke, kwamba magurudumu yatafaa.

Basi tukafagia ghala la katani kule Mabawa,
saruji ya tangu enzi za Mgiriki,
nyuzi zimeng'ang'ania nyufa kama mvi za sikioni.
Nyavu za magoli tukasuka kwa katani hiyohiyo.
Kisahani, kile cheusi cha kugombewa kwa magongo,
fundi Kaniki alikikata kwenye tairi la lori,
akakisugua msasa hadi kikateleza
kama neno la mdaiwa.

Nchi nne. Vijana chini ya miaka kumi na sita.
Wazambia waliokuja na unga wao,
Waganda na kocha wao asiyecheka,
Wafini kumi na mmoja, wekundu kufikia saa tatu asubuhi,
na sisi wa Ngamiani, tuliojifunza kusimama
juu ya magurudumu tangu Mfungo Sita tu.

Mimi mweka hazina. Kazi yangu machungwa ya Muheza,
maji, bandeji, na barafu ya kukandia magoti.

Wafini walitufunga kumi na moja. Sifichi.
Golini alikuwa Mwanakombo wa Barabara ya Ishirini,
kavaa vipande vya godoro vilivyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
na kila bao likiingia alikiokota kisahani mwenyewe,
akakifuta vumbi, akamkabidhi mwamuzi kwa mkono wa kulia
kama anayerudisha chenji.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Ya tatu mvua ilipita kwenye bati,
sakafu ikawa ziwa, wala hatukuomba:
Wafini wakashika mafagio, bega kwa bega,
wakayasukuma maji hadi mlangoni
polepole, kwa mizunguko,
kama watu walioizaliwa kazi hiyo.
Waganda wakafuata. Kocha wao akacheka.

Alasiri mkokoteni ukaleta barafu,
vipande viwili chini ya gunia na maranda.
Eero, nambari saba,
ambaye tangu ashuke kwenye basi hakuwa amesema neno,
akafunua gunia. Akaweka kiganja.
Akaweka shavu. Nikadhani kaumia.
Akakwaruza kwa ukucha, akausikiliza ule mlio,
kisha akaniambia, kwa Kiingereza chake na changu,
vyote vibovu:
"Inanuka samaki."
Akacheka huku machozi yanamtoka,
nami sikujua nimpe nini zaidi ya kikombe.
Nikavunja pembe ya barafu kwa nyundo, nikamjazia.

Wameondoka. Kikao cha hesabu ni kesho.
Machungwa, magunia mawili. Bandeji, zimebaki.
Mwenye ghala anadai kufuli lake.
Tumepungukiwa laki tatu na ushee, na Semhando
keshaomba tena mwakani, kaijaza fomu peke yake usiku.
Barafu, vipande tisa. Risiti yake ninayo,
ila ililowa.
Inasomeka tarehe tu.