Buti Namba Arobaini na Tano

Oktoba bado,
na theluji ya Bakuriani haijaingia hata kwenye mawazo ya mawingu,
lakini mezani kwetu, Rustavi, ghorofa ya saba,
msimu umeshafunguliwa:
daftari la hisabati la Salome, ukurasa wa nyuma,
kalamu ya risasi niliyoichonga kwa kisu cha jibini,
na chupa iliyokuwa ya mchuzi wa plamu
sasa imejaa lari, noti zinanukia kitunguu saumu.

Haba na haba, naam. Lakini bandu bandu nayo ni hesabu:
juzi nilichomoa ishirini za jino la mama mkwe,
nikaandika deni kwa herufi ndogo
kama mtu anayenong'ona msibani.

Malazi ya siku nne. Tulianza na saba.
Chumba kwa Lamara, ambaye kwenye simu
analisifu jiko lake la kuni kuliko mlima wote
na ameuliza mara tatu kama tunakula maharage.
Kukodi skii: siku tatu tu,
maana siku ya kwanza, asema Badri, ni ya kuanguka,
na kuanguka ni bure.

Badri, shemeji yangu, yeye anataka ubao.
Miguu miwili kwenye kipande kimoja,
ubavu mbele, kama kaa.
Anatuonyesha juu ya zulia, magoti kayakunja,
paka anamkimbia.
Salome anataka kofia ngumu ya rangi ya chungwa
"ili mkinipoteza mnione."
Nimeandika kofia. Nimeandika bima,
nikaipigia mstari mara mbili.
Neno "maporomoko" sikuliandika. Lipo tu,
limekaa pembeni mwa ukurasa, pale kalamu haikufika.

Na Gocha?
"Mimi nitashika makoti," alisema,
akaendelea kukata mkate.
Goti lake lilibaki kiwandani, tanuru namba mbili,
miaka sita iliyopita; hili alilorudi nalo
ni la kupandia ngazi, tena kwa kupumzika.
Basi nikaandika: Gocha, makoti. Gharama: sifuri.
Ile sifuri iliipendeza hesabu yangu.
Naona haya kusema hivyo.

Jana saa nane ya usiku niliamka na kiu.
Taa ya ukumbini inawaka.
Mume wangu, chupi na soksi za sufu,
amelaza rafu ya kabati juu ya kifimbo cha kusukumia unga
naye amesimama juu yake,
mikono kaitanua, ulimi nje,
kilo mia na mbili zinayumba
kushoto, kulia, kushoto.
Asije akatuamsha, anaanguka polepole:
kwanza kiganja ukutani, kisha bega, kisha pumzi.
Anainuka. Anapanda tena.
Nilisimama gizani nikihesabu, tabia ya duka la dawa:
sekunde nne. Sekunde sita.
Kumi na moja, mara moja tu,
na uso wake wakati ule,
sijui,
kama mtu aliyeona basi lililomwacha
likirudi kinyumenyume kumchukua.

Nilirudi kitandani bila maji.

Asubuhi kifimbo kiko mahali pake,
kimepakwa hadi unga, shahidi wa uongo.
"Umelalaje?"
"Kama gogo."
Kiwiko chake kina alama ya kijani, mpya.

Nimechukua kifutio. Makoti yatajishika.
Nimeandika: buti, namba 45, jozi moja.
Mwalimu wa wanaoanza, saa mbili.
Siku nne zimekuwa tatu,
na chupa nikiitikisa inalia,
kitu ambacho wiki jana haikuwa na nafasi ya kufanya.

Mipango si matumizi, najua.
Januari inaweza kuleta mvua.
Goti linaweza kukataa kwenye mteremko wa watoto,
mbele ya watoto.
Nimeliacha daftari wazi, upande wake wa meza,
na kifimbo juu yake,
kuzuia kurasa zisijifunge.